Miaka 22 Vichochoroni, Sasa Mama Kuku Apita Barabara Kuu

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, kuku wa kijiji cha Sakpalini bado wamefungiwa. Sanatu Fuseini anataka wabaki hivyo hivyo kwa muda.

Anaegemeza pikipiki ukutani, anavua kofia ngumu, anafungua mpira ulioshikilia boksi la baridi nyuma ya kiti. Ndani, juu ya vipande vya barafu, kimelala kichupa kisichozidi kidole gumba. Humo mna chanjo ya kuku mia mbili na hamsini.

"Mmeamkaje wenye nyumba? Msifungue banda! Mkiniachia niwafukuze majogoo wenu, nitadai na uji wa kunipoza."

"Naa," anaitikia mwanamke kutoka ndani, akijifunga kitambaa kichwani. "Wewe Mama Kuku, hivi hulali?"

"Nitalala wakilala kuku."

Kuku wa kwanza anakamatwa mbawa, kichwa kinageuzwa upande, tone moja linaingia jichoni. Sanatu anasubiri jicho lipepese ndipo amwachie. Tone moja kwa kuku mmoja, malipo sedi moja, na mwenye kuku anapata miezi kama minne ya kulala bila kuwaza mdondo, ugonjwa unaofagia banda zima. Jua linapochomoza amekwisha kupita nyumba tisa.

Yote hayo watu wa Sakpalini wameyazoea. Kilicho kigeni kwao mwezi huu ni kwamba anafika kwa barabara ya lami, mbele ya kijiji, kama mgeni wa heshima. Zamani alikuwa akitokea nyuma, kwenye mashamba ya viazi vikuu, nguo zimejaa vumbi na miba.

Sanatu ana miaka arobaini na sita na watoto wanne. Anaishi pembezoni mwa mji wa Tamale, na kazi yake ni kuchanja kuku na kanga katika vijiji kumi na viwili. Msimu ukichanganya, kabla upepo mkavu wa vumbi haujaanza, huchanja zaidi ya ndege elfu moja kwa wiki.

Pikipiki alifundishwa na kaka yake akiwa na miaka ishirini na minne. Hilo halikumshangaza mtu. "Tamale, mwanamke kupanda pikipiki si habari," anasema. "Habari ni mwanamke anayetembea kwa miguu."

Leseni ndiyo iliyokuwa habari nyingine. Hakuwa nayo. Hakuingia darasani hata siku moja, na aliambiwa kwamba kwenye mtihani kuna kitabu, kuna maswali, kuna kuzunguka koni zilizopangwa chini na mtu mwenye kalamu anakutazama. Basi akajifunza njia za porini. Alijua kila kichochoro kinachozunguka kizuizi cha polisi, alijua kipi hujaa maji na kipi kina mbwa mkali.

"Safari ya nusu saa nilikuwa natumia saa moja na robo," anasema. "Na roho iko mkononi njia nzima. Nikiona kofia ya askari hata sokoni, akinunua nyanya zake, mimi nageuka."

Miaka miwili iliyopita mvua iliharibu kichochoro chake cha Sakpalini, akalazimika kupita barabarani. Alisimamishwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Askari aliomba leseni kwa adabu, na Sanatu hakuwa na cha kutoa. Pikipiki ikawekwa kando pamoja na nyingine tano, ikisubiri mkubwa wao afike.

Alieleza kwamba amebeba chanjo. Askari akamwambia akae kivulini na boksi lake. Alikaa. Saa tatu barafu ilikuwa nusu. Saa sita ilikuwa maji. Alipoachiliwa saa nane mchana, kichupa kilikuwa na joto la chai iliyosahaulika.

"Ningeweza kwenda kuwadondoshea kuku hivyo hivyo," anasema, akifunga boksi lake. "Nani angejua? Dawa iliyokufa na dawa nzima zina rangi moja. Wangenilipa na wangenishukuru."

Aliimwaga palepale, akarudi nyumbani.

Chanjo nyingine ilifika baada ya wiki tatu. Mdondo ulifika Sakpalini baada ya wiki mbili.

Napari Abukari, mkulima wa karanga, alikuwa na kuku sitini na wanne. Walibaki watatu. Kuku hao alikuwa amewaweka kwa ajili ya matanga ya kuhitimisha msiba wa baba yake, ambayo familia ilikuwa imeyangoja miaka miwili, na ikabidi yaahirishwe tena. Sanatu alipokwenda kumpa pole, Napari hakufoka. Alimpa kigoda na maji ya kunywa, kisha akamuuliza, "Mama Kuku, ulitusahau?"

"Bora angenitukana," anasema Sanatu. "Tusi ungelijibu. Hilo swali ningelijibu na nini?"

Usiku ule hakula. Mke mwenzake, Azara, ndiye aliyegundua bakuli lililorudi jikoni likiwa limejaa.

Azara ni mke mkubwa wa mume wao, mzee Iddrisu. Kwa miaka kumi na tisa wake hao wawili waliishi bila ugomvi na bila urafiki, wakipeana salamu na chumvi. Azara alisoma mpaka darasa la sita, anajua Kiingereza cha kusomea barua, na jambo hilo lilikuwa dogo kama sindano lakini lilikuwapo kati yao.

"Nilimkuta analia nyuma ya ghala," anasimulia Azara, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu sokoni. "Nikamuuliza, nani kafa? Akasema kuku. Nikasema, looo, mke mwenzangu amepata wazimu. Aliponieleza yote nikamwambia, basi si ukachukue hiyo leseni? Akasema hajui kusoma. Nikamwambia, mimi nina macho, wewe una miguu. Tutapata mtu mmoja mzima."

Wiki iliyofuata Sanatu alikwenda kupimwa macho, hatua ya kwanza ya kila anayeomba leseni. Hapo ndipo yeye, aliyekwisha kutazama macho ya kuku maelfu kwa maelfu, alipoambiwa jicho lake la kushoto haliko sawa. Akapewa miwani.

"Nilitoka nje nikaona majani juu ya mti, moja moja," anasema. "Nikajiuliza, miaka yote hii nilikuwa naendesha nini?"

Akapata leseni ya mwanafunzi, na pamoja nayo amri ya kubandika herufi L nyekundu mbele na nyuma ya pikipiki. Mwanamke aliyeendesha miaka ishirini akawa mwanafunzi mbele ya mtaa mzima. Watoto walimkimbilia wakiimba "L! L!" Fundi baiskeli wa njia panda alimwinulia mkono kila asubuhi.

"Bibi, polepole! Breki iko kulia!"

"Na mdomo wako uko wapi?" Sanatu alimjibu siku moja. "Nao utafute breki."

Jioni, Azara akisonga ugali wa tuo zaafi, Sanatu alikaa kwenye kigoda na kuulizwa alama za barabarani. Azara alizichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko: pembetatu, duara, mshale uliokatwa. Mwiko ukawa fimbo ya mwalimu.

"Hii?"

"Usipite."

"Usipite nani? Usimpite mwenzako! Ukisema 'usipite' tu, utasimama barabarani mpaka tukuletee chakula."

Maswali ya mtihani aliruhusiwa kuulizwa kwa mdomo, kwa lugha yake ya Kidagbani. Mtahini wake, Bwana Tampuri, mwembamba wa kunyoosha tai kila dakika, alimuuliza: vyombo viwili vikifika njia panda kwa wakati mmoja, nani apite kwanza?

"Mwenye ng'ombe," alijibu Sanatu.

Bwana Tampuri alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaandika kosa. Sanatu alikosa maswali mengine saba na kurudishwa nyumbani.

"Lakini niambie wewe," anasema hadi leo bila kukubali kushindwa. "Ng'ombe arobaini wako barabarani. Utamwambia nani apishe?"

Mara ya pili alifaulu maswali, akaanguka kwenye koni. Kasi haikuwa taabu yake. Taabu ilikuwa kwenda polepole, kuzunguka namba nane bila mguu kugusa ardhi. Porini mguu ni gia ya sita: unasukuma, unaegemea, unajiokoa. Kwa Bwana Tampuri mguu chini ulikuwa kosa, na Sanatu aliweka mguu chini mara nne.

Siku hiyo alitaka kuacha. Anakiri hivyo. Alifika nyumbani akang'oa L ya mbele na kuitupa kwenye zizi la mbuzi. Azara akaenda kuiokota, akaifuta kwa upande wa kanga yake, akairudisha kwa gundi ya unga.

Kesho yake alitoa vibuyu vyake vya kupakulia na kuvipanga uani.

"Zunguka hapa. Polepole, kama unamfuata mzee anayekwenda msikitini."

Kwa wiki saba Sanatu alizunguka vibuyu kila jioni. Mzee Iddrisu, mtu wa maneno machache, alihamishia mkeka wake chini ya ukuta wa mbali, na huko alisikika akihesabu miguu iliyogusa ardhi. Vibuyu vitatu vilivunjika.

"Vunja kingine," Azara alimwambia, "na wewe ndiye utakayepakuliwa tuo zaafi kwenye kiganja."

Mapema mwezi uliopita, siku ya Jumanne, Sanatu alisimama tena mbele ya koni. Walikuwa watahiniwa kumi na wanane, yeye peke yake mwenye mvi. Vijana wawili waliomtangulia waliangusha koni. Sanatu akawasha injini.

Aliingia. Koni ya kwanza, ya pili. Kwenye kona ya namba nane pikipiki ililala, na mguu wake wa kulia ukaanza kushuka wenyewe, kama ulivyozoea.

"Nikaurudisha," anasema. "Niliubana kwenye tangi mpaka ukafa ganzi. Nikatazama mbali, si chini, kama alivyonifundisha Azara, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli."

Alipofika mwisho alizima injini na kubaki amekaa. Bwana Tampuri aliandika kwa muda mrefu.

"Umefaulu, mama."

"Nani?"

"Wewe, mama. Kuna mama mwingine hapa?"

Sanatu alishuka, akakaa kwenye ukingo wa saruji na kuvua viatu. Wenzake walidhani ameumia. Alitaka tu kukanyaga chini kwa miguu yote miwili bila mtu kuandika kosa. Alikaa hapo karibu nusu saa, akicheka na kufuta macho, huku msichana mmoja asiyemjua akimpepea kwa fomu yake.

Azara alikuwa amesimama nje ya lango tangu asubuhi. Aliposikia, alipiga kigelegele kilichomfanya mlinzi aache chakula chake. "Nilimwambia mlinzi, kula tu baba, ni leseni yetu imetoka."

Kadi ilipotoka mwezi huu, safari ya kwanza Sanatu aliifanya Sakpalini. Alisimamishwa kizuizini, akatoa kadi, na askari kijana akaitupia jicho na kumrudishia.

"Safari njema, mama."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Isome tena. Kuna jina langu lote hapo."

Askari akaisoma tena, kwa sauti, mbele ya foleni. Barafu ndani ya boksi haikuwa imeyeyuka hata tone. Kuku wa kwanza kuchanjwa siku hiyo walikuwa wa Napari, ambaye sasa amefikisha ishirini na wanane. Matanga ya baba yake yamepangwa kufanyika baada ya mavuno, na Sanatu amealikwa akae upande wa wanandugu.

Kwa kuwa safari imefupika, sasa anamaliza vijiji viwili kwa asubuhi moja badala ya kimoja. Petroli imepungua karibu theluthi. Lakini akiulizwa faida kubwa ni ipi, hataji petroli. Anagusa shingo yake. "Hapa palikuwa pamekaza," anasema. "Miaka ishirini na miwili nilidhani ni uzee. Kumbe ni kugeuka nyuma."

Wachanjaji wa kuku katika eneo lao ni wanawake wanane, na sita hawana leseni. Watatu wameshaanza kuja uani jioni, kila mmoja na vibuyu vyake mwenyewe, kwa masharti ya Azara. Sanatu anataka wote wawe wamefaulu kabla ya msimu ujao wa chanjo.

Kabla ya hapo ana safari yake binafsi. Binti yake mkubwa ameolewa Yendi na amejifungua mtoto wa kike wiki hii. Kwa watoto wawili wa kwanza, bibi alifika baada ya siku nyingi, kwa gari la kuomba nafasi, kwa sababu njia ya Yendi haina kichochoro cha kujifichia.

Safari hii amekwisha kujaza mafuta. Atamchukua Azara nyuma, na kofia ngumu ya pili ameiazima kwa fundi baiskeli.

"Mtoto anapewa jina Ijumaa," anasema, akiwasha pikipiki. "Tutaondoka Alhamisi saa nne. Sitaki alfajiri. Nataka mchana kweupe, barabara kubwa, kila mtu anaona."