Handaki Lililotoa Maji

Lazaro Mughwai alikuwa mchimba visima, na kwa miaka minne aliishi katika kijiji kisicho na kisima. Ukitaka kujua kijiji cha Msimamo kiliongozwa vipi, anzia hapo.

Visima saba vya upande ule vilikuwa vya mkono wake. Mashine hakuwa nayo, shule hakuijua. Alikuwa na mtaimbo, sururu, beleshi na macho: aliangalia mkuyu umeota wapi na mchwa wanapandisha udongo wa namna gani. Alikuwa pia na mwiko alioachiwa na baba yake, kwamba mchimbaji hunywa wa mwisho. Maji yakitoka wanywe wanawake, wanywe watoto, wanywe ng'ombe, na yakishatulia na kuwa meupe ndipo mchimbaji ateke lake.

Mwaka sabini na nne nyumba za tembe za watu wa huko zilibomolewa kwa amri ya serikali, wakapangwa kando ya barabara kwa mistari iliyonyooka. Bwana mmoja akashuka kwenye Landrova na ramani. Kisima cha kijiji kilikuwa nukta ya buluu. Lazaro akaifuata nukta ile kwa miguu, akajikuta amesimama juu ya jabali tupu.

"Hapa hakuna maji, bwana," alisema. "Maji yako kule kwenye mkuyu."

"Kule ni kiwanja cha mikutano," bwana alijibu huku akikunja ramani. "Wataalamu wameshapanga."

Akapanda gari lake akaenda zake. Mkuyu wa watu haukujua kusoma, ukabaki umesimama juu ya maji yasiyoruhusiwa. Wanawake wakawa wanarudi kuteka kwenye visima vyao vya zamani kule mahameni, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Sara, mke wa Lazaro, alianguka na debe njiani akaumia nyonga. Tangu hapo alichechemea, na bado alikwenda, kwa maana maji hayajui kilema. Kila asubuhi Lazaro alipouona mgongo wake ukipotelea vichakani, aliuchoma mtaimbo ardhini kwa hasira. Fundi mzima wa maji, mkewe anauawa na maji! Aliomba kibali cha kuchimba mara tatu. Mara tatu Mwenyekiti Melkizedeki, mtoto aliyemwona akikua na kamasi puani, alimjibu kwamba ramani ni ramani. Tangu apate kile kiti, hata shikamoo alikuwa ameisahau.

Kisha ikaja vita na nduli wa nchi jirani, mwaka sabini na nane. Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Sawa, lakini tembo hawa walikuwa mwendo wa siku kadhaa kwa lori, huko Kagera, na nyasi za Msimamo zikaumia vilevile. Vijana wa mgambo, akiwamo Nathanaeli, mtoto pekee wa Lazaro na Sara, walichukuliwa kwenda mbele. Hao walikwenda kufa kweli, na hakuna anayewacheka. Waliobaki ndio waliocheza vita. Mwenyekiti alipiga marufuku kuanika nguo nyeupe, eti ndege ya adui itaziona. Akaagiza mbwa wafungwe midomo. Halafu ukaja waraka kwamba lichimbwe handaki la viongozi, karibu na kiwanja cha mikutano.

La viongozi. Wananchi wangejificha wapi, waraka haukusema.

"Mzee Lazaro, wewe ndiye fundi," Mwenyekiti alisema. "Chagua mahali."

Lazaro hakufikiri mara mbili. "Pale kwenye mkuyu. Kivuli kitawaficha."

Ramani iliyokataa kisima kwa miaka minne ilikubali handaki kwa dakika moja. Lazaro alichimba siku tisa na wanamgambo wawili waliobaki kijijini, wa kupandisha udongo. Siku ya nne Mwenyekiti alikuja kuchungulia.

"Mbona la mviringo?"

"Bomu hutafuta kona, Mwenyekiti."

Melkizedeki akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa analijua hilo tangu zamani.

Siku ya tisa mtaimbo ulizama kwenye mchanga wenye baridi. Maji yakaanza kuchuruzika taratibu, yakafika vifundoni, yakafika magotini, naye akapandishwa kwa kamba akicheka peke yake. Sara aliteka kibuyu cha kwanza. Alikunywa akiwa amesimama, maji yakimtiririka kidevuni, kisha akakaa chini akalia. Kwa siku nne hakuna mwanamke aliyekwenda mahameni. Lazaro aliyaangalia yakitulia. Bado kidogo yawe meupe, ndipo anywe.

Siku ya tano Mwenyekiti alifika na barua mkononi. Mgeni kutoka wilayani angekuja keshokutwa kukagua handaki, na waraka ulitaka handaki liwe kavu.

"Unataka viongozi wazame?" alifoka. "Hii ni hujuma, mzee! Wakati wa vita!"

"Haya ni maji, Melkizedeki. Watu wanakunywa."

"Hakuna kisima hapa kwenye ramani. Fukieni!"

Na wakafukia. Mungu awasamehe, mimi bado. Wanamgambo walewale waliopandisha udongo waliurudisha, wakatupia na mawe, wakashindilia. Lazaro alishikwa mikono hadi walipomaliza. Hata tone moja hakuwa amelionja. Handaki lingine likachimbwa palepale kwenye nukta ya buluu, juu ya jabali, kwa sababu pale hakika palikuwa pakavu. Walipasua siku nzima wakapata kina cha magoti.

Mgeni alifika adhuhuri, upepo ukivuma na vumbi jekundu. Alishuka handakini pamoja na Mwenyekiti, wakasimama humo wakionekana kuanzia magotini hadi kofia. Watu wakaamriwa kupiga makofi, wakapiga. Kisha mgeni akapelekwa kwenye kiti chini ya mkuyu, mahali palipokuwa pamesawazishwa vizuri na kufagiliwa. Alihutubia akiwa amekaa, saa nzima, juu ya adui, uchumi na uvivu wa wanakijiji wasiopenda kujitegemea. Vumbi likamwingia kooni, akakohoa hadi machozi yakamtoka.

"Jamani," alisema, "hapa kijijini maji ya kunywa hayapo?"

Mwenyekiti akazungusha macho, akamwona Sara mstari wa mbele, ameegemea fimbo yake karibu na mumewe.

"Mama Nathanaeli! Mgeni anataka maji. Yako wapi?"

Sara alichechemea hadi mbele ya kiti, akapiga goti kidogo kama ilivyo adabu kwa mgeni.

"Maji yapo, ndugu," alisema. "Umeyakalia."