Nyota Yenye Geti

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati moja huku Magongo. Mbele yangu aliketi mama mmoja na mtoto mapajani, mkononi ameshika chupa ya soda iliyojaa maji ya kisima. Alitaka daktari ayaone, maana watoto wote wa ploti yao wanaumwa matumbo.

Mhubiri aliyeketi kando yake akaiangalia ile chupa, kisha akafungua Maandiko. Akamweleza kwamba siku za mwisho nyota itaanguka kutoka mbinguni, maji yawe machungu kama pakanga, na watu wafe kwa kuyanywa.

"Hii ni hukumu, mama. Tutubu."

Mama akafungua kifuniko, akamsogezea chupa. Mhubiri akarudisha mkono nyuma.

"Hiyo nyota naijua ilikoangukia, pasta," mama akasema taratibu. "Ni kile kiwanda cha jirani. Kina geti na askari, na bomba lake humwaga karibu na kisima chetu. Wenyewe hunywa maji ya dukani."

Mahubiri ya hukumu nimeyasikia mengi, na sijasikia yakimtaja mwenye geti. Wanaoambiwa watubu ni wale wanaokunywa.