Tulivyomwekea Mwanaidi Matanga Akiwa Hai

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mgonjwa hata mmoja. Nilipewa jora la kitambaa cheupe na kigoda cha kukalia, nikaambiwa nitengeneze bendeji. Ilikuwa zahanati ndogo ya Changamwe, miaka michache kabla ya uhuru, nami nilikuwa msichana wa Kirabai wa miaka kumi na tisa mwenye cheti cha uuguzi msaidizi na kiburi kisicholingana nacho. Dresa Mkuu alisimama nyuma yangu akinitazama nikihangaika na mkasi. Dresa, kwa nyinyi msiomjua, ni mtu wa kuosha na kufunga vidonda, na katika zahanati zetu zisizo na daktari alikuwa ndiye daktari, mkunga na hakimu.

"Weka mkasi chini," akaniambia. "Bendeji huchanwa, haikatwi. Ukikata, nyuzi zitaingia kidondani."

Akanionyesha. Unatia mkato mdogo pembeni, unashika kwa mikono miwili, unavuta, na kitambaa kinafuata uzi wake mpaka mwisho. Baada ya hapo unakizungusha mpaka kiwe mviringo mgumu, kisha kinaingia kwenye chungu cha mvuke kuuliwa vijidudu. Nilichana mpaka mchana, vidole vikawaka moto. Leo bendeji mnaletewa kwenye karatasi mnazifungua kama peremende, na siwaonei kijicho, ila mjue tulikotoka.

Changamwe nilikaa mwaka na kitu, nikiosha vidonda vya makuli na vya watu wa reli. Dresa Mkuu alikuwa mkali lakini hakuwa mwongo. Alipoona mkono wangu umetulia, akaniandikia barua ya uhamisho kwenda Likoni, na huko ndiko nilikofanya kosa ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nakunywa chai, naweka kikombe chini.

Zahanati ya Likoni ilisimamiwa na Sista Mkuu, mama wa Kizungu aliyevuka kwa feri mara mbili kwa juma kuja kutukagua. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno na nafasi yake, na alikasirika kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya zaidi. Yeye ndiye aliyenituma nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa wa donda ndugu. Neno saratani lilikuwa bado halijazoeleka midomoni mwa watu. Madaktari waliandika kansa, na majirani walisema donda ndugu, tena kwa kunong'ona na kutema mate pembeni.

Hivyo ndivyo nilivyompata Mwanaidi wa Timbwani, mtaa wa huko huko Likoni. Alikuwa mjane wa miaka arobaini hivi, msukaji wa makuti, akikaa na mama yake mzee na watoto watatu. Alikuwa na uvimbe titini wa ukubwa wa tunda la kunazi. Ilinichukua miezi mitano ya kwenda na kurudi kumshawishi akubali kukatwa, na katika miezi hiyo kunazi likawa ndimu. Hatimaye akakubali. Daktari wa hospitali ya ng'ambo ya feri akampa siku, Jumatatu, na akaniambia waziwazi kwamba akiikosa hiyo hana hakika kama kisu kitafaa tena.

Sista Mkuu akaniita. "Mgonjwa huyu hahitaji dawa peke yake," alisema. "Anahitaji watu. Nani atampikia mama yake? Nani atakaa naye wodini? Utafunga kidonda chake kwa kitu gani akirudi? Mimi sina bendeji za kutosha. Tafuta watu wa kujitolea."

Nikaenda kwa Bi. Rukia. Huyu alikuwa mkubwa wa chama cha wanawake wa Timbwani, chama cha kufaana, chenye masufuria makubwa, mikeka na masinia ya kuazimana. Hakuna shughuli iliyofanyika upande ule bila pilau la Bi. Rukia, na watu waliokwisha kulila walikuwa tayari kusamehe mengi. Alinisikiliza, akaniambia kwamba chama kinajua mchango wa namna mbili tu, wa arusi na wa matanga, na kwa kuwa ugonjwa si arusi, basi wangefanya kama wafanyavyo palipo na msiba. Msaada huenda mlangoni kwa mwenye haja, na mikeka hutandikwa nje. Tena wangechagua siku ambayo mwenyewe hayupo, maana kupewa mbele ya macho ni aibu. Nikaona mantiki yake. Jumanne iliyotangulia Mwanaidi alitakiwa avuke kwenda kupimwa damu na asirudi mpaka jioni, kwa hiyo tukaishika Jumanne.

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Kina mama wa Kidigo kutoka mashambani walileta mihogo na nazi. Wanawake saba walijiandika kwa zamu kukaa na Mwanaidi hospitalini, jambo ambalo hata Sista Mkuu hakuamini. Na mwenye duka la nguo karibu na feri, aliposikia ni mgonjwa, akatoa jora zima la bafta. Nilifurahi kupita kiasi. Bafta ni nyeupe, laini, haina rangi ya kuchuruzika kidondani kama leso. Nikawaketisha wanawake mistari miwili mikekani nikawafundisha kama Dresa Mkuu alivyonifundisha mimi, mkato mdogo, mikono miwili, vuta.

Mama mmoja alishika ncha ya bafta akanitazama. "Nesi, nguo hii..." alianza kusema. Mimi nikamsifia jinsi ilivyo laini. Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa mtu wa serikali mwenye sare, na mtu wa serikali siku zile hakuuliza, aliamrisha. Wakachana.

Kumbe ng'ambo kulikuwa na wagonjwa wachache siku hiyo. Mwanaidi alipimwa mapema, akapanda feri ya saa sita.

Nilimwona akitokea kwenye kona, akatutazama, akasimama. Mbele ya nyumba yake palikuwa na mikeka, wanawake kimya na leso zao vichwani, masufuria pembeni, na mikononi mwao bafta ikichanwa vipande virefu. Bafta ndiyo sanda. Kila mtoto wa Timbwani aliyepata kuona maiti ikiandaliwa alijua hilo. Mimi peke yangu niliona bendeji.

"Nani?" akauliza Mwanaidi.

Akatupita mbio akiingia ndani akimwita mama yake kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Mama yake alikuwa ameketi uani akichagua mchele, mzima kabisa, akauliza kuna nini. Mwanaidi akawahesabu watoto, mmoja, wa pili, wa tatu. Halafu akatoka pole pole mpaka mlangoni, akaitazama bafta, akatutazama sisi mmoja mmoja.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Nilianza kueleza habari ya bendeji, akanikatiza. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mtu aliyekwisha kuzikwa na majirani zake hana haja ya daktari, na kwamba Jumatatu haendi popote. "Kunjeni mikeka yenu," akasema, akafunga mlango. Tulisikia komeo likiingia.

Nilipompa Sista Mkuu habari, alivua miwani akaiweka mezani. Alisema amefundisha wauguzi tangu ujana wake, na hajapata kusikia mwuguzi aliyemfanyia mgonjwa mazishi ili kumtia moyo. Kisha akaniagiza niende nikaombe radhi, na nisibebe dawa wala daftari. Nilikwenda Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Nilipiga hodi mpaka jirani akanionea huruma akanipa maji. Ndani walikuwapo, nilisikia watoto wakikohoa, lakini hakuna aliyeniitikia. Jumatatu ilikuwa inakuja na mimi ndiye niliyekuwa nimemfungia mlango.

Jumamosi asubuhi nikamkuta Bi. Rukia amesimama pale pale na wanawake wake nyuma. Hakuomba radhi, alizungumza na mlango kama mwenye haki.

"Mwanaidi, twaja kuondoa matanga. Yalitandikwa kwa makosa, lakini yalitandikwa, wallahi hayaachwi hivi na mama yako yumo humo ndani."

Komeo likatoka. Huko husemwa matanga yasiyoondolewa huita msiba wa kweli, na Bi. Rukia alijua kumwambia mtu jambo asiloweza kulikataa. Tukaingia, wanawake peke yetu, wakasoma dua, wakamimina maji kizingitini. Mwanaidi alisimama mikono kifuani, uso mkavu. Nilidhani yamekwisha na tutatoka kama tulivyoingia. Ndipo Bi. Rukia akafunga mlango, akavua buibui, akafungua leso ya kifuani.

Sitaki kulieleza nililoliona kuliko inavyopasa. Halikuwa kunazi wala ndimu. Lilikuwa donda lililokwisha kula titi, lililofungwa vitambaa na mtu asiyejua kufunga, miaka miwili au zaidi. Udi na asumini aliojifukiza kila siku, ambao sisi tuliuona ni madaha ya mwanamke wa mjini, ulikuwa ni wa kuficha harufu. Nilikuwa nimekaa na mwanamke huyu mkeka mmoja, bega kwa bega, katika vikao vya chama chake Ijumaa baada ya Ijumaa, mimi niliyelipwa mshahara wa kutafuta vidonda.

"Wewe umepata wa kukukata, wakataa," Bi. Rukia akamwambia Mwanaidi. "Mimi natamani ningekuwa wewe."

Nikamuuliza, nusu nikilia, kwa nini hakuja kwangu.

"Nilikuja, mwanangu. Nilifika mpaka dirishani pako. Nikakuona ukimnywesha dawa bibi mmoja mwenye donda, kwa kikombe chake peke yake, chenye uzi mwekundu kwenye kishikio. Wengine wote walinywea kikombe kimoja. Nikarudi nyumbani. Ningesema, nani tena angekula pilau langu?"

Ni kweli tulikuwa na kikombe hicho. Hakikuletwa na Sista Mkuu wala hakukiagiza mtu yeyote. Wagonjwa wengine walinung'unika kunywea kikombe alichonywea mwenye donda ndugu, nami kwa kutaka amani nikatenga kikombe, nikakifunga uzi kwa mkono wangu. Katika mtihani wangu niliulizwa kama kansa huambukiza, nikaandika kwamba haiambukizi, nikapewa alama zote.

Mwanaidi alimsogelea Bi. Rukia. Kisha akaokota leso, akamfunika yeye mwenyewe, taratibu, kama anavyofunikwa mtoto aliyelala.

"Jumatatu nitavuka," akasema. "Na wewe wavuka nami. Lakini kesho upike. Upike hapa uwanjani kwangu, kila mtu aone, na hawa wote wale. Wasipokula, siendi."

Jumapili akapika. Jumatatu wakavuka wote wawili, mimi nikibeba mkoba. Mwanaidi alikatwa, akapona, akaendelea kusuka makuti yake, na usiku bendera mpya ilipopandishwa alikuwa uwanjani akipiga vigelegele kunishinda. Bi. Rukia, daktari alimtazama akamfunika, akaniambia nje kwamba nimpeleke nyumbani. Aliishi miezi minane tu. Wale wanawake saba waliojiandika kwa zamu hawakufuta majina yao, walihamia kwake tu, na Mwanaidi akawa wa nane. Kikombe nilikifungua uzi siku ile ile tuliyovuka, nikakirudisha rafuni na wenzake.

Baadaye nilihamishiwa Kisauni, nikapandishwa cheo, nikawa na wasaidizi chini yangu, nikawafundisha kuchana bendeji mpaka bendeji zikaanza kuja kwenye karatasi. Watu hupenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni msemo wa kweli, lakini katika miaka yangu yote ya kazi nimewaona waliofichishwa wengi kuliko waliojificha wenyewe.

Siku niliyoagwa kustaafu, Mganga Mkuu alisimama mbele ya wauguzi vijana akasema kwamba mama huyu ndiye aliyewafundisha watu wa Likoni kuacha kuogopa donda ndugu. Wakapiga makofi. Niliinuka kushukuru kama inavyotakiwa, nikaona siwezi kuondoka na uongo huo, nikawasimulia Jumapili ile.

Niliwaambia kwamba Bi. Rukia alipakua pilau kwa mikono yake, akaweka sinia katikati ya uwanja, akakaa na yeye. Habari za donda lake zilikuwa zimekwisha kuenea Timbwani nzima. Hakuna aliyesogea. Mwanaidi alinawa akala. Mama yake mzee akafuata, akilalamika kwamba chumvi haikutosha. Kisha wale saba. Kisha majirani, kisha yule mama aliyetaka kuniuliza habari ya bafta, kisha watoto, mpaka sinia likazungukwa pande zote. Nilikuwa nimesimama hapo na sare yangu, nimekwisha nawa, maji yamekauka mikononi. Mkono wa mwisho kuingia siniani ulikuwa wangu.