Mlango wa Ghorofa ya Sita

Juzi, kwenye lifti ya jengo moja la mtaa wa Ansab, nilimwona mtoto amesimama na mkoba wa skuli, hajui abonyeze wapi. Nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu, tulipokuwa ndiyo kwanza tumehama nyumba yetu ya Sib na kuingia ghorofa ya saba ya jengo kama lile.

Nikitoka skuli, nilishuka kwenye lifti ghorofa ya sita bila ya kujua. Ukumbi ulikuwa kama wetu, harufu ya udi kama ya kwetu, na mlango uko wazi. Ndani alikuwamo bibi nisiyemjua.

"Salma, mbona umechelewa?" akaniuliza, akanipakulia wali wa nazi.

Mimi si Salma. Lakini alivyosema kwa yakini, nilidhani lifti imenibadilisha. Nikala huku kiyoyozi kikinguruma, nikingoja kujihisi mtu mwengine.

Mama aliponipata, bibi alinishika mkono. "Unampeleka wapi mwanangu?"

Leo najua kuwa bibi yule alikuwa amepotewa na kumbukumbu, na Salma ni binti yake aliyeolewa mbali zamani. Siku ile sikufahamu kitu. Kwenye ngazi nilimuuliza mama, "Kwani mimi nani?"

"Wewe wangu," alisema, akijifuta machozi. "Lakini kesho ukitoka skuli, pitia kwake kwanza."