Waya wa rangi ya majani ulivyoifanya redio yangu iseme bila kusikia

Wakuu, mlio wadogo kwangu shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba. Wakubwa, kama mpo, shikamooni.

Sikusoma shule. Maneno ni yangu, anayeandika ni mjukuu wangu Editha, nami nimemkataza kupamba. Ni kweli tupu.

Mimi na mdogo wangu tuna redio za upepo za ridhaa, na leseni tunazo. Kila Jumapili baada ya misa tunazungumza, mimi hapa Ruhuwiko, yeye milimani kuelekea Ziwa Nyasa, mahali ambapo simu haishiki.

Mwaka huu masikio yake yamezima. Kusoma anajua, hivyo wanawe wakamfungia modemu, kile kidude kinachogeuza milio ya redio kuwa maandishi kwenye kompyuta. Ikabaki mimi nifunge ya kwangu, la sivyo hatutasemezana tena.

Nikampigia fundi wa mjini. Akasema, "Mzee, waya wa rangi ya majani ndio wa athi, yaani wa ardhi. Anza na huo."

Sasa sikilizeni. Nimelima tumbaku Namtumbo zaidi ya nusu ya umri wangu. Kwetu sisi majani ni tumbaku, na yakishakaushwa yana rangi ya kahawia.

Editha akauliza, "Babu, majani si kijani?"

Nikamjibu, "Wewe umevuna majani lini?"

Akafunga wa kahawia.

Tulipowasha, redio ikaanza kurusha bila kuguswa, ikagoma kupokea. Siku tatu. Tukizima inatulia, tukiwasha inarudia yale yale, mgongo wake ukichemka kama kikaango. Fundi kwenye simu anasema modemu ni mbovu, nibadilishe. Nikamweleza kwamba mbovu ni yeye.

Editha akasema, "Inasema tu, haisikii. Imerithi kwako, Babu." Sasa ananiomba nisilitaje hilo. Nimemwamuru aliandike.

Jumapili fundi akaja mwenyewe. Akautazama waya, akanitazama mimi.

"Mzee, nilisema majani."

"Majani ndiyo hayo."

"Majani ya wapi?"

"Ya Namtumbo."

Akacheka mpaka akaketi chini. Kumbe ule wa kahawia ndio unaoiamuru redio irushe. Ukiufunga kwenye athi, umeifungua mdomo na haifumbi mpaka uutoe. Akahamisha nyaya mbili, kazi ikaisha.

Kabla hatujaandika neno, maandishi yakaingia: "Shikamoo kaka. Siku tatu naona mstari mmoja tu usiokatika kwenye kioo cha kompyuta. Nilijua ni wewe. Hakuna mwingine anayeng'ang'ania hivyo."

Nilimwambia Editha asome tena, polepole, kwa maana mdogo wangu husema polepole.

Nililojifunza: fundi akikutajia rangi, mwulize ni rangi ya kitu gani. Na mtoto aliyesoma akikuuliza swali, lijibu. Hilo la pili ndilo lililonichoma zaidi.

Nanyi mliowahi kufunga modemu kwenye redio, ni waya upi uliowafedhehesha? Andikeni kwa adabu. Ninasomewa yote.