Mwenye Kufuli Namba Kumi na Nne

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Mwanamke wa miaka arobaini na saba anaushika mkono wa swichi kwa mikono miwili na kuuvuta chini kwa uzito wa mwili wake wote. Unalia mlio mmoja, mkavu. Mvumo uliokuwa ukitoka kwenye laini namba tatu unakatika.

Hauamini ukimya huo. Anachukua kipimo, anapima, kisha anapima tena. Akisharidhika kwamba laini imekufa, anapachika kwenye mkono wa swichi kipande cha chuma chenye matundu sita, na katika tundu la kwanza anafunga kufuli lake jekundu. Ufunguo anautia mfukoni mwa koti na kuvuta zipu.

"Njooni," anaita.

Mafundi wa laini wanne wanakuja mmoja nyuma ya mwingine. Kila mtu ana kufuli lake, kila kufuli lina namba yake. Wa mwisho ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwanamume mrefu ambaye wenzake wanamwita Twiga.

"Shemeji, mbona umenuna kama mita iliyokwisha umeme?"

"Funga kufuli, uache maneno."

"Nafunga. Hiki ndicho kitu pekee maishani mwangu ambacho mke wangu hana ufunguo wake."

Wenzake wanacheka. Mwanamke hacheki. Anasubiri asikie kufuli limebana, halafu analivuta kwa mkono wake kuhakikisha.

Hiyo ndiyo kazi yake kwa miaka ishirini na mmoja sasa, katika kituo cha kupoza umeme cha shirika la umma. Yeye ndiye anayekata na yeye ndiye anayerudisha. Makufuli matano maana yake ni watu watano. Umeme haurudi mpaka kila aliyepanda ashuke na kufungua la kwake kwa mkono wake, na la mwisho kufunguliwa ni la mwendesha swichi. Hakuna anayeruhusiwa kufungua kufuli la mwenzake, hata meneja.

Utaratibu huo unakoma Jumatatu.

Ilani imebandikwa ukutani, juu ya kitabu cha zamu. Inasema kwamba "kwa majaribio" kila kikosi kitatumia kufuli moja tu, la msimamizi, ili kupunguza muda wa matengenezo. Haisemi kwamba serikali inajiandaa kulikabidhi shirika kwa mwekezaji, wala kwamba muda wa matengenezo ni miongoni mwa mambo ambayo wanunuzi wanayatazama kwanza. Hayo wafanyakazi wanayajua bila kuandikiwa. Tawi la chama chao, ambalo mwanamke huyu ni katibu wake, limeikataa ilani hiyo katika mikutano miwili. Ilani bado ipo ukutani.

"Naogopa," anasema. "Watu wanadhani naogopa kufukuzwa. Hilo naliogopa pia, sitaki kujifanya shujaa. Lakini siku moja nitaambiwa rudisha, nitarudisha, na kutakuwa na mtu juu. Mkono utakaokuwa umerudisha ni huu."

Hasemi kwamba shirika ni zuri. Karibu theluthi ya umeme linaozalisha hupotea kabla ya kufika kwenye mita ya mteja. Nguzo nyingi zimeoza. "Iliyo karibu na nyumba yangu huu ni mwaka wa tatu imeegemea paa la jirani," anasema. "Mimi ni katibu wa chama, nafanya kazi humo humo, na nimeshindwa kuifanya ibadilishwe. Jirani akinisalimia, nainamisha kichwa."

Katika wilaya jirani, ambayo huduma yake ya umeme ilitangulia kukabidhiwa mwekezaji mwaka juzi, mambo yamekwenda kasi. Umeme ukikatika, hurudi kwa wastani wa saa mbili na nusu. Zamani zilikuwa saa nne na dakika kumi. Mafundi wa laini waliokuwa sitini na wanne wamebaki ishirini na wawili. Na kufuli limekuwa moja kwa kila kikosi.

Mwezi wa kumi na moja wa utaratibu huo mpya, kikosi kimoja kiligawanywa sehemu mbili. Msimamizi alihesabu vichwa vya upande aliokuwapo, akavikuta vimetimia, akafungua kufuli, akapiga simu umeme urudishwe. Upande wa pili fundi mmoja alikuwa bado juu ya nguzo.

Fundi huyo yu hai. Amepoteza mkono wa kulia na vidole vitatu vya kushoto. Katibu alikwenda kumwona, pamoja na mwenyekiti wa tawi.

"Alitufungulia mlango kwa kiwiko," anasimulia. "Akatuuliza kama tutakunywa chai. Halafu akacheka mwenyewe, akasema, basi mtajimiminia."

Mwekezaji alilipia matibabu yote. Taarifa yake ilieleza kwamba msimamizi hakufuata utaratibu. Katibu habishani na taarifa hiyo. "Hakufuata, kweli. Alisahau. Mtu husahau. Mimi mwenyewe nilisahau."

Hapo sauti yake inashuka, kwa sababu kosa lake ndilo lililoifikisha habari hii ilipofika.

Ilikuwa miezi minane iliyopita, saa nane mchana. Matengenezo ya laini namba tatu yalikuwa yamekwisha, mafundi wameshuka na kuondoa makufuli yao. Lilibaki lake. Kabla hajalifungua, simu ikaita: mama yake mzazi ameanguka bafuni, hazungumzi. Alikimbilia getini, akapita bila kumwambia mtu neno, akapanda gari la kwanza lililosimama. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti. Simu ikaisha chaji njiani.

Mwenzake wa zamu ya mchana alipofika alikuta kufuli moja, namba kumi na nne, na mwenyewe hayupo. Kanuni ni moja: mpaka mwenye kufuli aonekane kwa macho, akiwa hai, swichi haiguswi.

"Walianza kunitafuta nyuma ya transfoma," anasema. "Unaelewa? Hawakunitafuta kama mtu aliyetoka. Walinitafuta kama maiti."

Walipomkosa uani, wakazunguka nguzo zote za laini ile. Wengine wakaenda kwake, wengine hospitali. Twiga ndiye aliyempata, katika hospitali ya tatu, amesimama kwenye foleni ya dawa na koti lake la kazi.

"Nilidhani atanitukana," anasema. "Alinitazama miguu, akaniuliza, 'Shemeji, unatembea?' Halafu jitu zima lile likakaa chini sakafuni, likaanza kulia. Watu wakadhani tumefiwa."

Laini ilikaa bila umeme saa tatu na dakika arobaini. Wateja elfu tisa walikatikiwa, wakiwamo wenye mashine za kusaga, mafundi wa kuchomea vyuma, na zahanati moja ambayo jenereta yake iliwaka baada ya kupigwa mateke. Katika kitabu cha zamu yaliandikwa maneno matatu: "Kufuli 14 halikuondolewa." Alipewa onyo la mdomo. Mama yake alipona, ingawa sasa anatembelea mkongojo. Katibu akaamini mambo yamekwisha.

Mwezi uliopita kamati ya kukusanya maoni kuhusu uuzaji wa shirika ilikaa katika ukumbi wa shule. Wafanyakazi walijaa mpaka madirishani. Mtaalamu aliyetumwa kueleza faida za mauzo aliwasha picha ukutani: saa tatu na dakika arobaini, wateja elfu tisa, chanzo kufuli moja.

"Huu ndio utendaji wa shirika la umma," alisema. Baadhi ya waliokaa mbele walicheka.

Mwenyekiti wa tawi, fundi wa transfoma aliyebakiza miaka miwili astaafu, alimwinamia katibu wake. "Tulia," alinong'ona. "Kufuli limetajwa, mwenyewe hakutajwa. Soma karatasi yetu, ukae."

Karatasi ya chama ilikuwa kurasa nne. Ilipofika zamu yake, katibu alisimama nayo, akaiweka juu ya kiti.

"Kufuli lile ni langu," alisema.

Aliendelea bila kupaza sauti. Kosa ni lake, alisema, na wateja elfu tisa wana haki ya kumlaumu. Kisha akauliza ingekuwaje kama siku ile angekuwa amezirai nyuma ya transfoma.

"Kwa saa tatu na dakika arobaini hakuna aliyejua niko wapi," aliiambia kamati. "Simu zilipigwa, watu walitukanwa, wenye mashine walikuja getini na marungu. Na hakuna aliyethubutu kurudisha umeme. Kwa kufuli moja la msimamizi, ungerudishwa dakika ile ile mafundi waliposhuka. Huo utendaji mnaoucheka ndio uliomrudisha kila mtu hapa nyumbani kwake."

Nusu ya ukumbi waligonga viti. Nusu nyingine, hasa wenye fomu za kuacha kazi kwa hiari kwa malipo mifukoni, walitazama sakafu. Kati ya wanachama hamsini na wanane wa tawi hilo, kumi na tisa wameshazichukua fomu hizo.

Nje, mwenyekiti hakuficha hasira yake. "Umejipalia makaa, katibu. Walikuwa na idadi ya saa, hawakuwa na mtu. Sasa umewapa mtu."

"Wewe ungesema nini, mzee?"

"Yaliyoandikwa. Kurasa nne zile nimeziandika kwa mkono, mgongo unaniuma mpaka sasa, na wewe umezikalisha kwenye kiti kama mgeni."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi. Siku tisa baadaye barua ikaja. Katibu anatakiwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa "kuhatarisha shughuli za shirika." Tarehe iliyowekwa ni Jumanne ijayo, siku moja baada ya majaribio kuanza.

Meneja wa kanda anasema hizo ni tarehe tu zilizokutana. "Hatumwadhibu mtu kwa maoni yake," anasema kwa simu. "Kuna tukio lilitokea na halikuchunguzwa ipasavyo. Sasa linachunguzwa." Alipoulizwa kuhusu kufuli moja, alijibu kwamba maelekezo yametoka juu.

Nyumbani kwa katibu ni vyumba viwili na kibaraza ambacho mumewe, fundi seremala, amekigeuza karakana. Jumapili mchana Twiga hula hapo. Jumapili iliyopita chakula kilipoa mezani.

"Mwekezaji anatoa buti mpya na bima," Twiga alisema. "Mimi nina watoto watatu, shemeji. Wakiniambia kufuli moja, nitapanda na kufuli moja."

"Na mimi nikikuambia usipande?"

"Utanilishia watoto?"

Mumewe aliweka kijiko chini, akasema kwamba marehemu mama yao alimkabidhi mdogo wake huyu akiwa na miaka tisa, na kwamba hakukabidhiwa ili aje kumwokota chini ya nguzo. Kisha, kama kawaida yake, akaugeuza kuwa utani: mkewe akifukuzwa na mdogo wake akiungua, nyumba nzima itakula misumari. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutocheka.

Tangu barua ije, katibu ameanza kuwa na tabia mpya. Akiwa jikoni huacha sufuria akaenda kuchungulia viatu mlangoni. Akikuta buti za Twiga, ambaye hupita hapo kila jioni akitoka kazini, hazipo, anampigia simu. Twiga akipokea, yeye anasema, "Basi, nilikosea namba," na kukata. Twiga anasema ameshakosea namba mara kumi na sita wiki hii.

Kazini, wapo wanaompita bila salamu. Fundi mmoja wa mita alimwambia waziwazi kwamba amewauza, kwamba kama angesoma kurasa nne zile, kamati isingekuwa na la kumshikia mtu. Anakiri kwamba maneno hayo yalimchoma. "Huenda ana haki," anasema. "Sijui bado. Nilisema kweli kwa sababu nilidhani kweli itawatisha wao. Imenirudia mimi."

Saa tisa alasiri mafundi wa laini namba tatu wanarudi, mashati yameganda chumvi. Wanafungua makufuli yao, mmoja mmoja. Anawatazama usoni kila mmoja anapopita. Analifungua la kwake, anauinua mkono wa swichi, mvumo unarudi. Anaandika saa kwenye kitabu.

Halafu anafungua ukurasa wa nyuma wa kitabu hicho, mahali ambapo amechora mistari kwa rula. Huo ndio mpango wake. Kuanzia Jumatatu, kila atakayepanda atamwandika hapo kabla hajatoka getini. Kufuli litakuwa moja, la msimamizi, kama ilani inavyotaka. Lakini msimamizi akilifungua, yeye hatagusa swichi mpaka kila aliyeandikwa aje asimame mbele yake na kusema kwa mdomo wake kwamba ameshuka. Ilani ameisoma mara nyingi. Haimkatazi kuuliza.

Amewaomba waendesha swichi wanne wa vituo vingine wafanye hivyo hivyo. Wawili wamekubali. Mmoja amekataa. Wa nne hajapokea simu.

"Meneja ameshaniuliza hilo litachukua muda gani," anasema. "Nimemwambia, muda wa mtu kutembea kutoka kwenye nguzo mpaka hapa."

Na akikuta mmoja hajaja, na msimamizi amesema rudisha, na simu ya kanda inalia?

Nje ya chumba transfoma inaunguruma.

"Jumatatu nipo zamu mimi," anasema. "Jumatatu umeme haurudi. Ya Jumanne siyajui."