Mto Nao Hupumzika

Nakumbuka mwaka ule wa ukame, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati Nairobi ilipojifunza upya kuishi na mishumaa. Mvua zilikuwa zimesahau njia. Mabwawa ya Mto Tana yalipungua hadi mawe ya chini yakaota jua, na kwa kuwa stima yetu nyingi, yaani umeme, ilitoka kwenye maji hayo, ilikatwa mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Mjini jenereta zilinguruma mbele ya maduka kutwa nzima. Lakini ukirudi kwetu mtaa wa Jamhuri jioni, palikuwa kimya. Maua ya mijakaranda yalidondoka barabarani bila sauti, na madirishani watu walikuwa vivuli tu, wakienda na kurudi nyuma ya mwanga mdogo wa njano. Nitakwambia kweli: palipendeza. Hata shida ina uzuri wake ukiwa bado kijana.

Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza chuo, nimesomea uhandisi wa umeme. Mama alikuwa ameshafariki, nami niliishi na baba yangu, Mzee Barasa. Yeye alitoka Bungoma akiwa barobaro kwenda kujenga bwawa moja kule Tana, na lilipokamilika akabaki hapo akitunza mitambo hadi alipostaafu. Sasa kila jioni aliisogeza redio ya betri sikioni asikie maji yamefikia wapi, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa.

Basi siku moja nikaitwa ofisi fulani mjini, nikaambiwa nimepata kazi kwenye visima vya mvuke, Bonde la Ufa. Huko, mwanangu, moto umelala chini ya mwamba. Ukitoboa, mvuke hupanda wenyewe, mweupe, ukazungusha mitambo ya umeme, wala hauulizi kama mvua imenyesha. Nilirudi nyumbani miguu haigusi chini.

"Baba, nimepata! Naenda kwenye mvuke."

Akazima redio. "Huendi."

"Baba?"

"Mto ndio uliokulisha, ukakusomesha. Leo umepungua kidogo tu, mshaukimbilia kuuzika? Ukienda huko, Nekesa, usinitafute unitake baraka."

Hakuongeza neno, si siku hiyo wala siku zilizofuata. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya cha Baba hakikuwa na mshindo wowote. Alikaa tu barazani, chai ikipoa mbele yake, akazidi kukonda. Na ofisini walitaka jibu, la sivyo nafasi wangempa mwingine. Kuacha kazi ile nilikuwa siwezi. Kuondoka bila baraka za mzazi, hilo nalo sikuliweza.

Jirani yetu alikuwa Mama Surjit, mjane wa Kisingasinga, ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi wa umeme bwawani pamoja na Baba. Nilimkuta uani akianika nguo, nikammwagia yaliyonijaa: kwamba mzee amekuwa mkaidi, kwamba hapendi lolote jipya.

Aliweka karai chini.

"Wewe msichana, wacha hiyo maneno," akasema. "Unafikiri baba yako iko na hasira? Hapana. Yeye iko na msiba. Umewahi kumuuliza habari ya Makokha?"

Sikuwa nimelisikia jina hilo maishani mwangu.

"Basi kwanza uliza," akasema, "halafu ndio useme mkaidi."

Maneno yake yaliniingia kama maji baridi. Jumapili nikamwomba Baba tutembee kidogo. Tulikwenda polepole hadi karibu na uwanja wa maonyesho, tukaketi kwenye nyasi zilizokauka rangi ya asali. Jua lilikuwa limelegea. Vumbi lilielea hewani, likang'aa, lisitue.

"Baba, Makokha ni nani?"

Aligeuka kunitazama. Nilidhani atanyanyuka aende zake.

"Tulitoka naye nyumbani siku moja," akasema. "Blanketi letu lilikuwa moja, tukilala kwa kuvutana. Kabla bwawa halijafungwa, mto ulifurika. Akateleza. Tulimtafuta, mwanangu, tulimtafuta. Hatukumpata."

Akachuma unyasi, akauzungusha vidoleni.

"Maji yalipojaa nikajiambia, sawa, hili ndilo kaburi lake, na kila taa inayowaka Nairobi inamwakia yeye. Sasa mnasema maji hayatoshi, mnatafuta kwingine. Basi Makokha alikufia nini?"

Jambo hilo, chuoni hatukufundishwa. Nilimshika mkono, mkono mgumu ule.

"Baba, hakuna anayeuzika mto. Umeubeba mji mzima peke yake, masika na kiangazi, ndio maana umechoka. Mvuke ukishika mzigo wa kila siku, milango ya bwawa itafungwa, maji yajae tena taratibu. Mto utapumzika."

"Utapumzika," akarudia, kwa sauti ndogo, kama anayeonja neno. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Asubuhi ya safari alilibeba begi langu mwenyewe hadi stendi ya Adams Arcade. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya Ngong Road, hata magari yalionekana kama yanaogelea. Aliweka kiganja juu ya kichwa changu.

"Makokha amefanya zamu ndefu mno," akasema. "Nenda ukampokee."

Mvua zilirudi baadaye, na visima vya mvuke vikaongezeka. Hata upepo ukapewa kazi. Nikija likizo nilimpeleka Baba upande wa Karen, tukasimama kutazama milima ya Ngong, mapanga yale meupe ya mitambo ya upepo yakizunguka polepole juu ya ukingo wa mbingu. Angeweza kuyatazama hadi chakula cha mchana kikapita.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayefunga paneli za jua juu ya mapaa na kutuambia sisi wazee tumepitwa na wakati. Huenda ni kweli tumepitwa. Lakini mkubwa wako akikukatalia jambo la heri, usikimbilie kumwita mkaidi. Keti naye, umuulize anamlilia nani. Usione vyaelea, vimeundwa, na katika walioviunda wamo ambao hawakurudi makwao. Lete mapya yako, wala usiogope, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Ila ubishe hodi kwanza.

Mola akujalie mvua kwa majira yake na upepo kwa kiasi chake. Nyumba yako isikose mwanga, na sikio lako lisikose kusikia kilio kisicho na sauti. Amina, mwanangu. Amina.